Sawa Baba

Nyumbani kwetu neno "kwanini" lilikua na mwenyewe, na mwenyewe alikua baba. Yeye ndo anauliza kwanini umechelewa, kwanini taa inawaka mchana, kwanini mtoto wa jirani kakushinda hesabu, sisi wengine kazi yetu kujibu. Ukijisahau ukaliokota hilo neno ukamrudishia, hata kwa sauti ndogo, hata kwa nia njema kabisa, mama anakukata jicho kutoka jikoni na lile jicho lilikua na tafsiri moja tu, mwanangu sema sawa baba yaishe.

Basi tukawa tunasema sawa baba. Nimelisema hilo neno zaidi ya miaka 20, na leo nikikaa nikihesabu naona mara nyingi nilikua sijakubali chochote, nilikua nimesikia tu.

Tulikua tunaishi bondeni. Bonde la Msimbazi lenyewe, upande wa Jangwani, baba alinunua kiwanja pale 1988 akiwa karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja Pugu Road, akajenga chumba kimoja kimoja kadri mshahara ulivyoruhusu. Kila masika linapita gari na spika juu, wananchi mnaoishi mabondeni mnatakiwa kuhama, wananchi mnaoishi mabondeni, alafu gari linaenda zake na sauti inafifia huko mbele. Baba alikua anasimama kibarazani anauliza tuhamie wapi. Anaiuliza gari ambayo imeshakata kona. Na ukumbuke ni watu hawahawa wa juu waliotuletea umeme, nguzo ikapita mbele ya dirisha letu, na kodi ya jengo tulikua tunalipa, risiti anazo mpaka leo kwenye bahasha ya kaki. Sasa mtu anayechukua kodi ya nyumba yako mwezi wa tatu na mwezi wa nne anakwambia nyumba yako haitakiwi kuwepo, huyo hata akisema ukweli utamwamini vipi?

Na alikua anasema ukweli, hiyo ndo shida.

Desemba 2011, siku kama 11 hivi baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, mvua ilianza kunyesha tarehe 20 na ikawa sio mvua ya kawaida. Mi nilikua mwaka wa pili chuo, nimerudi likizo. Maji yalianza kupanda kwenye mtaro wa nyuma, mama akamwambia baba, baba watoto naona hali si nzuri. Baba akasema hakuna mtu anatoka nyumba hii, mafuriko mimi nimeyaona Rufiji, haya ni maji ya mtaro.

Mama akajibu, "Nimekusikia."

Kama hujakulia kwenye nyumba za huku huwezi kujua uzito wa hilo neno. Baada ya dakika kumi mdogo wangu wa mwisho akawa ana homa ghafla, anapelekwa kwa mama mdogo Magomeni. Hakua na homa. Baadae kidogo mimi nikatumwa kurudisha sufuria ya mama mdogo, sufuria kubwa ile ya pilau, saa 3 usiku kwenye mvua, na baba kakaa pale kwenye kochi ananiangalia napita na sufuria kichwani hasemi kitu. Alafu kaka yangu akafuata kuniangalia mbona sirudi. Nyumba ikaisha mtu mmoja mmoja kwa visingizio, hakuna aliyegoma, hakuna aliyebishana, hakuna aliyeinua sauti, mpaka baba akabaki peke yake na redio. Usiku huohuo maji yakaingia madirishani. Kesho yake vijana walimtoa juu ya bati kwa kamba na tairi la gari.

Wiki moja baadae, msibani, akiwa amevaa shati la kuazima, nikamsikia anawaambia wazee wenzake, "Bahati yangu familia niliwatoa mapema." Mama alikua anapita na sinia la chai. Akasema kweli kabisa.

Hiki kisa nimekihadithia mara nyingi kama kichekesho, na kweli kinachekesha, lakini ule msiba tuliokua tumekaa ulikua wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Bibi yao hakuwahi kutoka. Watu kama 40 walikufa Dar nzima kwenye yale mafuriko, yeye mmoja wao. Na mtoto wake mkubwa alituambia, bila kulaumu, alisema tu kama mtu anayesimulia, kwamba walitaka kutoka saa 2 ile lakini walichungulia wakaona taa ya kwetu inawaka na mzee karani kakaa ndani katulia, wakasema kama yule hajahama basi bado. Wao waliona taa ya baba. Sufuria ya mama hawakuiona, na hata wangeiona wangejua ni sufuria. Mama alituokoa sisi na mpaka leo namshukuru, ila nimewaza sana ingekuaje kama angetoka pale kibarazani akasema kwa sauti, baba watoto unakosea, maji yanakuja, mtaa mzima ukasikia. Angepigwa? Baba hakua mtu wa kupiga. Ila angekua ameivunja heshima yake mbele za watu na hilo mama hakuweza, hata kwa kufa hakuweza.

Kiswahili chenyewe kina mkono kwenye hili jambo. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu, mtoto mkaidi tunasema hasikii, yani kusikia na kutii tumevifunga kamba moja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sote tumelelewa na hiyo. Lakini hebu geuza uangalie upande wa juu. Tunasema serikali sikivu, rais msikivu, na hapo hatumaanishi anatii, tunamaanisha amelalamikiwa na akasikia. Kwa hiyo neno lilelile, kwa mdogo ni kufanya alichoambiwa, kwa mkubwa ni kukubali kuambiwa. Nikiligundua hilo nilicheka peke yangu kwenye mwendokasi mpaka dada mmoja akanihamia siti.

Na baba alilipata wapi lile la "mafuriko nimeyaona Rufiji"? Hapo lazima nimlete bibi, mama yake baba. Wao ni Warufiji wa mbugani, watu ambao mto ukifurika ndo chakula chao, maji yakishuka wanapanda kwenye ule udongo uliobaki, kilimo cha mlau. Mwaka 1968 mto ulifurika vibaya, na 1969 serikali ikaja na Operesheni Rufiji, wote toka mabondeni nendeni juu kwenye vijiji vipya, huko kuna shule, kuna zahanati, kuna usalama. Hiyo ni miaka kabla ya ile Operesheni Vijiji kubwa ambapo 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba mpaka mwisho wa 1976 kila mtu vijijini awe anaishi kwenye kijiji, sasa ikawa ni amri.

Bibi alikua anasimulia hivi, na naomba nimnukuu kwa kadri nakumbuka: walikuja wakatwambia tuhame tukasema sawa, tukahama, tukapiga makofi, msimu wa kulima ukafika tukarudi. Walikua wanarudi mbugani wanajenga madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo vya kulindia mazao, wanaishi humo miezi, kiongozi akija kijijini anakuta nyumba zimejengwa kwa mstari anaandika ripoti nzuri. Baba alikua na miaka 11, amekulia nusu kijijini nusu dunguni. Yani huyu mtu alijifunza utotoni kwamba serikali ikisema bonde ni hatari, unasema sawa, alafu unarudi bondeni. Ndo maana 1988 akaenda kununua kiwanja Jangwani! Hakua mjinga jamani, alikua amesomeshwa.

Baada ya mafuriko yale watu walihamishiwa Mabwepande, wakapewa viwanja. Na sisi tulipewa. Baba alisema sawa, akasaini, akapiga picha na hema nyuma yake, miezi minne baadae tumerudi bondeni. Sio sisi tu. Mabwepande ya wakati ule kwa mtu ambaye riziki yake iko Kariakoo na anatoka alfajiri, nauli tu inamaliza nusu ya anachokwenda kutafuta, na hakuna aliyekaa na wale watu akawauliza kwa siku unaingiza shilingi ngapi. Desemba 2015 yakaja matingatinga. Ile alama ya X nyekundu baba alikua ameipaka chokaa mara mbili, kama vile rangi ikifutika na hukumu inafutika.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alikosea kati ya serikali na baba, nitakwambia kuhusu maji serikali ilikua sahihi asilimia mia. Lakini gari la spika haliulizwi swali. Na mtu ambaye haulizwi swali anabaki anajibiwa sawa, anaenda ofisini anaandika wananchi wameelewa.

Tatizo letu wala sio utii. Kila nikisikia mtu anasema Watanzania ni waoga, ni watu wa ndio mzee, huwa nashangaa anaishi Tanzania ipi. Sisi ni mabingwa wa kukaidi, tunakaidi kwa adabu tu, bila kutoa taarifa. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 tulitii vizuri, sababu ilieleweka na mbadala ulikuwepo sokoni, alafu taratibu vile vifungashio vya nailoni laini vikaanza kubeba nyanya na vitumbua kama hakuna kilichotokea. Tozo za miamala ya simu zilipoanza Julai 2021 watu walilalamika ndio, ila wengi walichofanya ni kurudi kutembea na hela taslimu mfukoni, na haikuchukua hata miezi mitatu zikapunguzwa kwa asilimia 30 na tukaambiwa serikali ni sikivu.

Kusema kwa sauti ndo hatujazoea, na waliojaribu hawakupokelewa kwa maua. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo hapa Dar waliambiwa wakimaliza masomo waende JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, miaka 2, na kwenye sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Hawakusema sawa. Tarehe 22 Oktoba wakavaa majoho yao wakaandamana na mabango mpaka Ikulu. Mwalimu akawafukuza chuo karibu 400, na papohapo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hicho kitendo nakiona cha kibaba mno, anakuchapa alafu na yeye analala bila kula ili uone aibu vizuri. Wengi walirudishwa mwaka uliofuata. Binafsi naona kwenye hoja ya mishahara alikua na la kusema, nchi maskini ile inawasomesha wachache kwa jasho la mkulima, lakini pia naona somo lililobaki kwa vizazi vilivyofuata halikuwa la mishahara, lilikua kwamba ukimjibu baba mbele za watu unarudishwa kwenu. Na tumeendelea hivyohivyo, mkuu wa nchi kwetu ni baba au mama, sasa mama yako unamwandamania?

Kuna upande mwingine, wa hapana inayokaa tumboni mpaka inaoza. Isimani kule Iringa, tarehe 25 Desemba 1971, mkuu wa mkoa Dk. Wilbert Kleruu alimfuata mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake, siku ya Krismasi, wakagombana kwenye habari za ardhi na ujamaa, Mwamwindi akampiga risasi, akaupakia mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa akaendesha mwenyewe mpaka polisi. Alinyongwa. Simtetei. Nasema tu kwamba kati ya "sawa mkuu" na bunduki pangetakiwa kuwe na vituo vya kushukia.

Kwenye familia vituo vipo, tena wazee wetu walivijenga kwa akili. Huwezi kumwambia baba, unamwambia shangazi, shangazi anamwambia bibi, bibi anamwita mwanae usiku wakati watoto wamelala. Ninaye dada, mtoto wa mama mkubwa, ambaye mwaka 2002, yuko kidato cha pili, ana miaka 16, iliingia posa ya mtu mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi na baba mkubwa akapokea. Dada akasema sawa. Tukampelekea habari bibi wa upande huo, akapanda basi akaja, na akina nyie mnadhani alisema mtoto asiolewe? Alisema mwaka huu miguu inaniuma sina wa kunichotea maji, nipeni huyu. Akaondoka nae mwaka mzima, mwenye duka akachoka kusubiri akaoa kwingine. Bibi alishinda bila kumkosea mtu heshima. Ila dada alikatwa shule mwaka ule, na kidato cha nne alikuja kukifanya ukubwani kama mtahiniwa wa kujitegemea, ana watoto wawili. Hiyo ndo bei ya hapana iliyovaa baibui.

Na sheria wakati huo ilikua upande wa baba mkubwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa, na chini ya miaka 18 kinachohitajika ni ridhaa ya baba, kama hayupo ndo mama. Mvulana mpaka 18. Aliyelisema hili kwa sauti ni Rebeca Gyumi, mwanasheria kijana, akaenda Mahakama Kuu, na 2016 mahakama ikasema vile vifungu vya 13 na 17 vinavunja katiba, serikali ipewe mwaka 1 virekebishwe. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa.

Siku niliposoma Ibara ya 26 ya katiba yetu nilikaa chini. Kifungu cha kwanza kinasema kila mtu ana wajibu wa kutii katiba na sheria. Sawa, hiyo tunaijua, na mabango ya polisi ya utii wa sheria bila shuruti yalitukumbusha. Lakini kifungu cha pili, chini yake tu, ibara hiyohiyo, kinampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda katiba na sheria za nchi. Kutii na kuhoji wamewalaza kitanda kimoja! Nimesoma uraia toka msingi, kile cha kwanza tulikikariri, cha pili sikumbuki mwalimu akikiandika ubaoni. Na 2020 sheria ilibadilishwa, ikamtaka anayefungua kesi ya haki za msingi aape kwa maandishi yeye mwenyewe binafsi kaathirika vipi. Kwa hesabu hiyo ingebidi dada yangu, miaka 16, atoke jikoni kwa baba mkubwa aende Mahakama Kuu na hati ya kiapo.

Mara moja nimeona sawa inakataliwa hadharani na dunia haikuanguka. Mei 15, 2023, Jumatatu, mdogo wangu anauza mikoba Mtaa wa Kongo akanipigia, dada njoo uone Kariakoo iko kimya. Nikadhani utani. Nikaenda. Maduka yamefungwa mtaa kwa mtaa, watu wamesimama nje wamekunja mikono, malalamiko yao kamatakamata ya watu wa kodi na ile habari ya kusajili stoo. Siku mbili baadae Waziri Mkuu Majaliwa akakaa nao Mnazi Mmoja, masaa na masaa, mfanyabiashara mmoja mmoja anashika kipaza sauti anasema yake. Sio kwamba kila kitu kilipona, mwaka uliofuata waligoma tena. Ila spika kwa mara moja ilikua inaelekea upande wa pili, na nilimuona mzee mmoja pembeni yangu anasikiliza mdomo wazi kama mtu anayeangalia mpira.

Kuna mengine ya karibuni zaidi siyaandiki hapa, na wewe unayesoma Dar unajua kwanini siyaandiki. Unaona? Hata mimi nimebeba sufuria.

Watu huniuliza basi wewe kipimo chako nini, unatii lini. Sina kipimo kikubwa. Maji yakiwa yanaingia na trafiki kafunga barabara Jangwani natii hapohapo, maswali kesho, ila kesho iwepo kweli. Amri ambayo aliyeitoa anakaa, anavuta kiti, anasema haya niulize, hiyo naiheshimu hata isiponifurahisha. Anayeongea huku gari linatembea, hapana. Baba yangu nampenda na radhi yake naitaka, lakini katika maisha yake yote hakuwahi kuvuta kiti, na sidhani kama kuna mtu aliwahi kumvutia yeye.

Sasa hivi anakaa Chamazi, chumba na sebule, presha inamsumbua. Daktari kamkataza chumvi, na mimi ndo msimamizi wa hilo, kila Jumapili naenda na orodha. Baba chumvi hapana. Baba dagaa wa chumvi hapana. Ananisikiliza kimya, mikono magotini, anasema, "Sawa mama."

Jumapili iliyopita namtandikia kitanda, chini ya mto nikakuta kiberiti. Baba havuti sigara, na pale tunapikia gesi. Nikakitikisa, kikafanya mlio wa kitu laini. Nikamgeukia nikamuuliza baba hii nini, akaangalia dirishani kama anatafuta mtu nje.

"Kiberiti."

Nikakirudisha chini ya mto. "Sawa baba."